Ukienda Kujitolea Afya ya Vijijini Nje ya Nchi, Muulizie Kwanza Atakayebaki

Kila nikisema nimewahi kujitolea nje ya nchi kwenye mradi wa afya vijijini maswali yanakuja yale yale, viza ulipataje, ulikuwa unakaa kwa nani, umeme upo, lazima uwe daktari? Yote ya maana. Ila kuna moja ambalo huwa siulizwi, na ndo hilo ningependa kila mtu aliulize kabla hajasaini chochote: pale ninapokwenda, hii kazi sasa hivi anaifanya nani, na mimi nikiondoka nani ataendelea nayo? Shirika likikutajia mtu, likakwambia yuko kijiji gani, anasimamiwa na nani, amefundishwa nini na amefika wapi, nenda. Wakianza kuzunguka zunguka na kukuonyesha picha za watoto wanacheka, tafuta pengine.

Kwa sababu mgeni anaondoka, hata yule anayekaa sana. Chukua Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalotuma watu kujitolea nje, limeanza 1961, mtu wao anakaa miezi 27 hivi ukijumlisha na ile ya mafunzo, na kwa watu wa kujitolea huo ni muda mrefu kweli, wengi wanaenda kwa wiki au miezi michache tu. Sasa mtoto aliyezaliwa wiki ile uliyofika, siku unafunga begi bado ana miaka karibu mitatu mbele yake ya kupita kwenye ule umri wa hatari wa chini ya miaka 5. Kuhara kutamkuta, homa itamkuta, kikohozi kitamkuta, na wewe haupo. Nani atakuwepo?

Atakuwepo mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kila nchi ina jina lake kwa huyu mtu lakini kazi inafanana, ni mwanakijiji mwenyewe, mara nyingi mwanamke, amepewa mafunzo ya wiki au miezi kadhaa, ana begi, ana rejista, anapita nyumba kwa nyumba. Wazo hili sio la jana. Mwaka 1978 nchi 134 zilikutana Alma-Ata, mji ambao siku hizi ni Almaty kule Kazakhstan, wakakubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi imfikie kila mtu pale anapoishi, na kwenye lile tamko wahudumu wa jamii wametajwa kabisa kama sehemu ya timu. Kabla ya hapo China walishakuwa na wale madaktari peku, wakulima waliopewa mafunzo mafupi wakarudi vijijini kwao kutibu huku wanalima, na kule Jamkhed nchini India mwaka 1970 Raj na Mabelle Arole, mtu na mke wake wote madaktari, walianzisha mradi wa afya, wakaja kufundisha wanawake wa vijijini ambao wengi hata shule hawakuimaliza, na wanawake hao ndo wakawa nguzo ya mradi mzima.

Mi ni nesi kwa taaluma na kazi niliyopewa ilikuwa kuwasapoti wahudumu wa aina hii, yani kutembea nao, kuangalia wanavyofanya, kukumbushana, kusahihisha rejista. Sikuwa natibu. Mwanzoni watu wa nyumbani hawakunielewa kabisa, nesi mzima umevuka mpaka kwenda kubeba rejista za watu? Ngoja niwaonyeshe ilivyokuwa.

Siku moja tumeingia kwenye nyumba, kuna mtoto wa miezi nane ana kikohozi na usiku alichemka sana. Yule mhudumu, mama wa makamo, hakumgusa mtoto kwanza. Alikaa chini, akaongea na mama mtu mambo mengine, mtoto alikuwa analia na alitaka alie amalize, maana mtoto anayelia ukimhesabu pumzi unapata namba ya uongo, na anayenyonya vile vile. Alipotulia mapajani, mhudumu akaomba shati lipandishwe kidogo, akawasha saa yake ya kuhesabia, akainama macho yote kwenye kifua na tumbo, midomo inacheza bila sauti, dakika nzima, sio nusu dakika halafu uzidishe mara mbili kama wengi wenye haraka wanavyofanya. Akapata 56. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa kasi, na kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka mitano ni 40. Akaangalia kama kifua kinaingia ndani, hakiingii. Akauliza kama ananyonya, ananyonya. Kama degedege limempata, hapana. Hapo akajua hii ni nimonia ya kutibiwa nyumbani, hakuna dalili ya hatari ya kumkimbiza hospitali, akatoa amoksisilini ile ya kuyeyuka, akamwambia mama aiyeyushe kwenye kijiko na ampe dozi ya kwanza pale pale yeye akiwa anaangalia.

Kisha akasema, nitarudi baada ya siku tatu. Na mama akaitika tu, hakushangaa, maana alijua kweli atarudi, anakaa nyumba kadhaa mbele.

Mi pale nimefanya nini? Nilihesabu pumzi kimya kimya pembeni ili tulinganishe tukitoka nje, na tulipotoka tukalinganisha. Ndo hivyo tu. Na ndo kazi yenyewe. Mhudumu anayefanya peke yake miezi na miezi bila mtu wa kulinganisha naye anaanza kuteleza taratibu, anaruka hatua moja, halafu nyingine, sio kwa ubaya ila kwa kuchoka na upweke wa kazi. Msimamizi wa wilaya ana vijiji vingi mno na pikipiki moja ambayo nusu ya muda haina mafuta. Mgeni mwenye ujuzi akijaza hilo pengo la usimamizi kwa muda, huku anamfundisha msimamizi mwenyeji aendelee, ameleta faida ambayo inabaki. Akiingia yeye kuhesabu pumzi na kugawa dawa kwa mkono wake, ile jamii inazoea kumsubiri mgeni na mhudumu wao anashuka thamani mbele ya macho yao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mi naiamini hiyo kwa moyo wote, ila mwenyeji hatapona vizuri kama mgeni ndo amekaa kwenye kiti cha mganga.

Sasa niongelee stoo. Najua hakuna anayekwenda kujitolea akiwa na ndoto ya stoo lakini nisikilizeni.

Mhudumu akienda kwa mama ambaye mtoto anahara, anatakiwa ampe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pamoja na zinki, mtoto anameza zinki siku 10 mpaka 14, miligramu 20 kwa siku au 10 kama hajafikisha miezi sita. Mhudumu akifungua begi halina kitu, ameishia kusema nenda zahanati. Zahanati ni mbali. Mama anakwenda mara hiyo, na mara ijayo hampitii tena mhudumu, anaona ni mzunguko wa bure, na ameona sawasawa. Yani begi likikaa tupu wiki chache tu, imani iliyojengwa kwa miaka inapotea, na hakuna semina ya uhamasishaji itakayoirudisha. Nimeona mahali wahudumu wamefundishwa vizuri, wana moyo, wana kila kitu isipokuwa dawa, na stoo ya kituo kilicho juu yao ina maboksi ya ORS yamepangwa mapya mbele na ya zamani nyuma, yale ya nyuma yanakaribia kuisha muda. Kadi ya stoo haijajazwa muda mrefu kwa hiyo anayeagiza huko juu hajui kijijini kinatumika kiasi gani, anakadiria, na makadirio yanakosea.

Kupanga yale maboksi ili yanayoisha muda mapema yatoke kwanza, kujaza kadi kila kitu kinapoingia na kutoka, kupiga hesabu ya matumizi ya mwezi, kukaa na yule kijana wa stoo mpaka awe anafanya mwenyewe bila kukumbushwa, hiyo ni kazi ya kujitolea na haihitaji uwe daktari. Kwa hiyo ukiniuliza kama mhasibu au mtu wa ugavi au fundi wa friji anaweza kusaidia afya ya vijijini, jibu langu ni ndio, na wakati mwingine kuliko mimi nesi. Fundi wa friji hasa! Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa nyuzi joto 2 mpaka 8, zikipanda sana zinaharibika na baadhi zikiganda ndo zimekwisha kabisa, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Mtoto anachomwa sindano, analia, kadi inawekwa alama, na kinga hana.

Kuna hadithi ya kweli ambayo naipenda sana na naona kila anayetaka kujitolea aijue. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh wakimbizi walijaa Bangaon, upande wa India, kipindupindu kikaingia, dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wachanganye chumvi na glukosi kwenye maji, watu wanyweshwe mdomoni, na waliokuwa wananywesha wagonjwa walikuwa ndugu zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka mpaka chini ya 4. Ndugu zao! Sio jeshi la madaktari kutoka nje.

Halafu miaka ya 80 shirika la BRAC kule Bangladesh wakasema basi tuwafundishe kina mama wa nchi nzima kutengeneza maji haya nyumbani, wakatuma wanawake mlango kwa mlango, wakafika kaya milioni 12 hivi ndani ya miaka kumi. Malipo ya mfundishaji yalitegemea mama anakumbuka nini, mtu mwingine alikuwa anarudi baadaye kumuuliza mama maswali, akijibu vizuri mfundishaji analipwa zaidi. Lakini sikilizeni hii, walipochunguza mwanzoni wakakuta kina mama wanakumbuka vizuri sana ila wengi hawatumii. Kufuatilia kwa nini, ikaonekana baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuwa wanaiamini ile dawa, wakiumwa kwao walitumia vitu vingine. Na wanaume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo, wakati ndo wenye kauli nyumbani. BRAC wakarudi nyuma, wakawafundisha wafundishaji upya mpaka waelewe inavyofanya kazi mwilini, wakawafuata wanaume kule wanapokutana, na matumizi yakapanda.

Mi naichukua hiyo kama kipimo cha kila mradi ninaousikia. Mtu wa nje anaweza kuja na bango zuri, na filamu fupi, na fulana, wanakijiji wakamjibu maswali yote kwa usahihi kabisa, na isibadilike kitu. Anayejua kwa nini haijabadilika ni mtu anayeishi pale, anayesikia watu wanasema nini mgeni akishaondoka. Ukimheshimu huyo atakwambia. Itachukua muda lakini atakwambia.

Sasa jambo linaloniuma zaidi, hela. Mtu wa kujitolea kutoka nje ana posho ya kujikimu, ana bima, akiugua sana anarudishwa kwao kwa ndege. Anatembea bega kwa bega na mhudumu wa kijiji ambaye naye anaitwa wa kujitolea, ila yeye hana posho, hana bima, viatu vimeisha, na shambani kwake magugu yanamngoja. Tena yeye ndo anafanya kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu hawa na ukasema wazi walipwe malipo yanayoendana na uzito wa kazi, saa wanazofanya na mafunzo waliyopata, na pia wawe na mkataba wa maandishi. Nakubaliana na kila neno. Kwa hiyo ukiwa unachagua shirika waulize, wahudumu wa kijijini mnawalipa? Kama bajeti inatosha kusafirisha wageni kumi kila msimu na haitoshi kumlipa mhudumu mmoja, mi ningewaambia wapunguze wageni, hata kama mgeni anayepunguzwa ni mimi.

Kuna hatari pia ambazo mtu mwenye nia njema hazifikirii. Haiti ilikuwa haijawahi kuandika mlipuko wa kipindupindu kwa zaidi ya karne, Oktoba 2010 kikaibuka kwenye mto Artibonite, na uchunguzi ukaonyesha kiliingia kupitia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa iliyokuwa karibu na Mirebalais, maji taka yakaingia mtoni. Karibu watu 10,000 walikufa, na Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon akaomba radhi kwa wananchi wa Haiti. Walikuja kulinda watu. Basi na sisi tunaokwenda na begi na nia njema tukapime afya kabla ya safari, tupate chanjo zetu zote, na tuulize choo chetu kinamwaga wapi. Ukiwa na kikohozi kisichoisha usiende kukaa kwenye chumba kimoja na watoto wachanga.

Na usifanye huko usichoruhusiwa kufanya kwenu. Hili halina mjadala. Mwanafunzi ambaye kwao hawezi hata kushona kidonda bila msimamizi, anafika kijiji cha nchi nyingine anaachiwa kuzalisha, anarudi anasimulia kwa furaha. Yule mama aliyezalishwa na mwanafunzi hakuwa na pa kulalamika, ndo maana haikuleta shida. Nchi nyingi zina baraza lao la madaktari na la wauguzi, na mgeni anatakiwa kuomba usajili wa muda kabla hajamgusa mgonjwa, inachukua wiki mpaka miezi, kwa hiyo anza mapema. Shirika likikwambia achana na hayo makaratasi, huko kijijini hakuna anayeuliza, hapo hapo umeshapata jibu lako kuhusu shirika lenyewe.

Lugha. Jifunze ya pale, hata ya kubabaisha, watu wanafurahi na wanakusamehe. Lakini kwa mambo ya ugonjwa tafuta mkalimani mtu mzima aliyekubaliwa na mgonjwa, usimtumie mtoto kutafsiria mama yake habari za hedhi au ujauzito au kipigo nyumbani, mama hatasema ukweli na mtoto atabeba mzigo usio wake. Na mkalimani mwambie asifupishe. Mgonjwa akiongea dakika tatu ukaletewa maneno manne kuna kitu kimebaki njiani. Picha za wagonjwa, usipige, sina cha kuongeza hapo.

Maandalizi yako mwenyewe nayo yaende huko huko kwenye kumsapoti atakayebaki. Kabla sijaondoka nilisoma mwongozo wa matibabu wa nchi ile, sio wa kwetu, maana dozi na hatua zinaweza kutofautiana na mhudumu amefundishwa wa kwao, ukimchanganya umemharibia. Jifunze kutumia ule mkanda wa rangi wa kupima mzingo wa mkono wa mtoto, wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya milimita 115 ni nyekundu na ni utapiamlo mkali, mpaka 124 ni njano, 125 kwenda juu ni kijani. Unaonekana mwepesi lakini ukikaza sana mtoto mzima anakuwa mgonjwa na ukilegeza mgonjwa anakuwa mzima, fanya mazoezi kwa watoto wa ndugu zako kwanza. Ufundi huu mdogo mdogo ndo utakaokufanya uwe mwenzake mhudumu kwenye kazi badala ya mgeni wa kutembezwa.

Halafu wiki za mwisho. Watu wengi wanazimalizia kwenye sherehe za kuagana na safari za kutembea, mi nashauri uzitoe kwa makabidhiano. Punguza kwenda mwenyewe, mwache msimamizi mwenyeji aende bila wewe halafu mkae mpitie alichoona. Kadi ya stoo ijazwe na mwenye stoo wewe ukiwa huko nje. Namba za simu za watu wa rufaa ziandikwe kwenye ukuta wa zahanati na kwenye jalada la kila rejista, sio kwenye simu yako. Kama kulikuwa na kitu ulichokuwa unanunua kwa hela yako, betri za saa ya kuhesabia pumzi, kalamu, sabuni, sema mapema ili kiingie kwenye bajeti ya wilaya, kwa sababu siku betri inaisha wewe uko kwenu na yule mama wa makamo ana mtoto anayekohoa mbele yake na anahitaji dakika moja ya uhakika. Mimi na msimamizi wake bado tunaandikiana meseji. Ya mwisho aliniambia wahudumu wapya wameanza mafunzo na anayewafundisha kuhesabu pumzi ni huyo huyo mama.